Present simple kwa anayeanza Kiingereza: mwongozo kamili kwa mzungumzaji wa Kiswahili

Sema sentensi hizi kwa sauti: mimi hula wali, wewe hula wali, watoto hula wali, Juma hula wali. Kitenzi hakikubadilika hata mara moja. Sasa tazama Kiingereza: "I eat rice", "you eat rice", "the children eat rice", "Juma eats rice". Mambo ni yaleyale, ila kwa Juma imeongezeka herufi moja. Kiambishi "hu-" na present simple, yaani umbo la kitenzi cha Kiingereza linaloeleza mazoea, ni ndugu wa karibu, na ukishika undugu huo unakuwa umevuka nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni ile "s" moja, pamoja na maneno mawili ya kusaidia, "do" na "does".

Andaa daftari, kalamu na simu yenye kinasa sauti. Tenga dakika 30 kwa siku kwa wiki mbili. Usiruke hatua, hasa ya pili, kwa sababu makosa mengi yanayoonekana kwenye "s" huwa yameanzia huko.

Hatua ya 1: Jua ni wakati gani unaitumia

Kiswahili cha leo kinatumia "-na-" kwa kazi mbili. "Mama anapika" inaweza kuwa yuko jikoni sasa hivi, na inaweza kuwa kupika ndiyo kazi yake. Sisi tunaelewana kwa muktadha. Kiingereza hakikubali utata huo: aliye jikoni sasa ni "My mother is cooking", na wa kila siku ni "My mother cooks".

Kipimo ni hiki. Ukiwa na sentensi yenye "-na-", jaribu kuiondoa na kuweka "hu-". "Juma anauza samaki" ikigeuka "Juma huuza samaki" na maana yako ikabaki vilevile, andika present simple: "Juma sells fish". Ikiwa ulitaka kusema anauza sasa hivi, pale mbele yako, "hu-" itakataa, nawe utatumia "is selling".

Wapo ambao "hu-" haiwatoki mdomoni. Mtaani, hasa Tanzania bara, wengi husema "anauzaga", "nakujaga", "tunalalaga". Tumia "-ga" hiyo kama kipimo. Mwalimu wa Kiswahili ataikata kwenye insha, lakini kwa kazi hii ni sahihi kabisa, kwa kuwa "-ga" hubeba mazoea na si tendo la sasa hivi. Kwenye ukanushi na maswali pima kwa neno "huwa": "huwa hanywi kahawa", "huwa unaamka saa ngapi?"

Kuna kundi moja ambalo kipimo hiki hakiliwezi, nalo lazima likaririwe. Ni vitenzi vya hali ya moyo, akili na umiliki: know, understand, want, need, like, love, hate, believe, remember, mean, cost, belong, na have ya kumiliki. Unaposema "nataka maji" unazungumzia sasa hivi, hata hivyo Kiingereza kinadai "I want water". Sentensi kama "I am having two children" au "I am not understanding" husikika kila siku Afrika Mashariki, hata kwa watu waliosoma sana, kwa sababu "-na-" ya "nina" na "naelewa" inawavuta kwenye "-ing". Sahihi ni "I have two children" na "I don't understand". Have hukubali "-ing" pale tu maana yake si kumiliki: "I am having lunch" ni sahihi, kwa kuwa hapo ina maana ya kula.

Matumizi mengine matatu yanafaa kujulikana mapema.

La kwanza ni ukweli wa kudumu. "The Rufiji flows into the Indian Ocean." "Light travels in straight lines." Kwa mwanafunzi wa Tanzania anayetoka shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, hili lina uzito wake. Maelezo ya biolojia, fizikia na jiografia yamejaa present simple. Anayeimudu anaweza kusoma ukurasa wa biolojia na kujua nani anafanya nini, hata kama msamiati bado ni mgumu.

La pili ni ratiba: "The ferry leaves at 7 a.m." Boti itaondoka kesho, lakini kwa kuwa safari imepangwa, present simple inatosha.

La tatu ni zawadi kwa msemaji wa Kiswahili. "Nitakupigia nikifika" ina "-ta-" mwanzoni tu; kwenye "nikifika" hakuna "-ta-". Kiingereza nacho hufanya hivyohivyo: "I will call you when I arrive." Wengi huharibu kwa kuandika "when I will arrive". Ukiona "-ki-" au "-po-" kwenye sentensi ya wakati ujao, upande huo andika present simple.

Hatua ya 2: Tenganisha nyumba ya "be" na nyumba ya "do"

Hapa ndipo wanaoanza wanapoangukia. Sentensi za Kiingereza za wakati huu zinakaa nyumba mbili, na sentensi moja haiwezi kulala zote mbili.

Nyumba ya kwanza ni ya "am", "is", "are". Humo hakuna tendo, kuna kuwa. "I" huchukua am. He, she na it huchukua is. You, we na they huchukua are. Utaitambua sentensi ya nyumba hii kwa alama zake za Kiswahili:

"Ni" na "si": Juma ni fundi cherehani, "Juma is a tailor". Usisahau hiyo "a". Kiingereza hakisemi "Juma is tailor".

"-ko", "-po", "-mo": funguo ziko mezani, "The keys are on the table".

"-me-" inayoeleza hali aliyonayo mtu sasa: nimechoka, "I am tired"; ameoa, "He is married"; wamefurahi, "They are happy".

Nyumba ya pili ni ya vitenzi vya kutenda: go, eat, sell, live, work. Humu am, is na are hazina kazi. Mazoea ya kwenda kazini ni "I go to work", si "I am go to work".

Kosa la "I am go" lina chanzo chake. Mtu anapotafsiri "ni-na-kwenda" kipande kwa kipande, "ni" anaipa "I", "na" anaipa "am", na "kwenda" anaipa "go". Hesabu inaonekana imetimia, lakini "-na-" ya Kiswahili si "am". Kwenye present simple "-na-" haitafsiriwi kabisa; inamezwa na kitenzi chenyewe.

Kosa pacha ni la mtenda aliyetajwa mara mbili: "My brother he works in Mombasa." Nalo limetoka kwenye Kiswahili, ambapo "kaka yangu" hufuatwa na "a-" ya "anafanya". Kiingereza huchagua mmoja: "My brother works" au "He works". Kinyume chake kipo pia. Tumezoea kusema "ni mbali" bila kutaja kitu, kisha tunaandika "Is far". Kiingereza hakikubali sentensi isiyo na mtenda: "It is far". "It rains a lot in April."

Neno "nina" linahitaji uangalifu wa peke yake, maana mara linaingia nyumba moja, mara nyingine. Nina gari ni "I have a car", na nina homa ni "I have a fever". Lakini nina njaa ni "I am hungry", nina kiu ni "I am thirsty", nina haraka ni "I am in a hurry", nina hakika ni "I am sure", na nina miaka 25 ni "I am 25 years old". Nasikia baridi nayo ni "I am cold". Usiandike "I hear cold". Hakuna kanuni itakayokuokoa hapa. Ziandike sentensi hizo kwenye ukurasa wake na uzisome kila siku hadi ziwe nyepesi.

Hatua ya 3: "s" ya nafsi ya tatu

Zamani Kiingereza kilikuwa na miisho ya nafsi kwenye vitenzi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado inaandika "thou goest" na "he goeth". Leo miisho hiyo imepukutika, na kwa vitenzi vya kawaida umebaki mmoja: "s" ya mtenda mmoja ambaye si mimi wala wewe. Ukitaka kuikumbuka, fikiria kwamba "a-" ya "anapika" imetoka mwanzoni mwa kitenzi ikahamia mkiani: "she cooks". Vivyo hivyo "ki-" ya "kisu kinakata" imekwenda mkiani: "the knife cuts".

Ugumu wake ni kwamba mtoto wa shule amekwisha kufundishwa kuwa "s" ni alama ya wingi: book, books. Akikutana na "the boy plays" anaona wingi uko mahali pasipo pake. Shika hivi: "s" kwenye jina ni wengi, "s" kwenye kitenzi ni mmoja. Kwa kawaida "s" moja hutosha kati ya mtenda na kitenzi. "The boy plays." "The boys play." Ukiiona pande zote mbili, au huioni popote, simama uangalie tena. Majina yenye umbo lake la wingi, kama children na people, yako nje ya kipimo hiki, na yale yanayoishia na "s" kwa asili kama bus nayo yako nje: "The bus stops here."

Kuiandika:

Vitenzi vingi huongezewa "s" peke yake: works, eats, sells, lives, speaks.

Kitenzi kinachoishia na s, sh, ch, x, z au o hupewa "es": passes, washes, teaches, watches, fixes, goes, does.

Kinachoishia na konsonanti na "y" hubadili y kuwa "ies": study, studies, carry, carries, cry, cries. Kabla ya y kukiwa na irabu, acha y ilivyo: plays, buys, says, enjoys.

Have huwa has. Ndiyo hiyo pekee isiyofuata utaratibu kwenye nyumba ya vitenzi vya kutenda.

Kuitamka ni suala jingine, na hapa silabi za Kiswahili hutuponza. Karibu kila silabi yetu huishia na irabu, basi ulimi hupenda kusema "worksi" au "helpusi". Kata sauti kwenye "s" na ufunge mdomo. Baada ya sauti za p, t, k na f, tamka s kavu: helps, writes, works, laughs. Baada ya sauti nyingine nyingi, tamka z: lives, reads, sells, goes, plays. Baada ya s, z, sh, ch na j, ongeza silabi nzima, iz: washes, teaches, uses, changes. Mbili ni za kukariri tu: says hutamkwa "sez", na does hutamkwa "daz".

Kisha kuna suala la nani ni mmoja na nani ni wengi, na hapa ngeli zetu hutupotosha. Maji, maziwa na mafuta ziko kwenye ngeli ya "ya-", basi masikio yetu yanasikia wingi. Kwa Kiingereza water, milk na oil ni umoja: "Water boils", "Milk goes bad". Pesa na nywele huchukua "zi-", lakini money na hair ni umoja: "The money comes from my uncle", "Her hair looks nice". Habari za redioni ni news, nayo ni umoja ingawa inaishia na s: "The news starts at 8 p.m."

Upande wa pili, suruali kwetu ni moja, "suruali inabana", lakini trousers ni wingi: "These trousers cost too much." Mkasi ni scissors, miwani ni glasses, zote wingi. People ni watu, haina s na ni wingi: "People say". Police pia ni wingi: "The police know him". Everybody na everyone zina maana ya watu wote, ila hupewa "s": "Everybody knows". Watu wawili waliounganishwa na "and" ni they: "Asha and Juma live here."

Jambo la mwisho kwenye hatua hii ni he na she. Kiswahili kinatosheka na "yeye", hakiulizi mwanamume au mwanamke. Ndiyo maana mtu mwerevu kabisa husema "my mother, he sells tomatoes". Dawa yake ni mazoezi ya mdomo: taja ndugu zako kumi mmoja mmoja, na kila mmoja mpe sentensi moja ya kuanzia na he au she. My aunt, she teaches. My grandfather, he prays. Kituo hicho baada ya jina ni cha zoezi tu. Kwenye maandishi mtenda ni mmoja.

Hatua ya 4: Kukanusha

Nyumba ya be ni rahisi: ongeza not. "I am not tired", "She is not at home", "They are not ready".

Nyumba ya do inahitaji msaidizi: don't kwa I, you, we, they, doesn't kwa he, she, it. Kitenzi kinachofuata kinabaki kitupu.

I eat meat. I don't eat meat.
She eats meat. She doesn't eat meat.

Tazama "s" ilikokwenda. Imeruka kutoka kwenye eats na kuingia kwenye does. Haikupotea, imebadili mbebaji, na mbebaji ni mmoja tu. "She doesn't eats" ina wabebaji wawili, na ni kosa. Kiswahili hakishangazwi na jambo la namna hii: "anapenda" ikikanushwa huwa "hapendi", ile "-na-" inaanguka na "a" ya mwisho inageuka "i". Kukanusha kunabadilisha kitenzi kwetu, na kwao vilevile.

Vitenzi have na do vyenyewe vinafuata njia hiyohiyo: "He has a phone", "He doesn't have a phone". "She does her homework", "She doesn't do her homework". Hiyo ya mwisho ina do mbili, ya kwanza msaidizi na ya pili kufanya, na ziko sawa.

Usiweke do kwenye sentensi ya kukubali. Wapo wanaosema "I do go to church every Sunday" wakidhani do ndiyo inayoleta maana ya mazoea. Mazoea yako kwenye kitenzi chenyewe: "I go to church every Sunday". Do ya kukubali hutumika kusisitiza pale mtu anapokubishia.

Hatua ya 5: Kuuliza

Kwetu swali ni sauti tu, au "je" mwanzoni. Mpangilio wa maneno haubadiliki. Kiingereza hupanga upya. Nyumba ya be hubadilishana nafasi: "You are ready" huwa "Are you ready?" Nyumba ya do humtanguliza msaidizi: "You live here" huwa "Do you live here?", na "She lives here" huwa "Does she live here?" Tena "s" imehamia kwa does, live imebaki tupu.

Maswali yenye neno la kuuliza huleta kosa la mpangilio. "Unaishi wapi?" ina "wapi" mwishoni, na tafsiri ya moja kwa moja inazaa "You live where?" Neno la kuuliza liende mbele kabisa, afuate do au does, kisha mtenda, kisha kitenzi kitupu:

Where do you live?
What time does the shop open?
Why do they come late?
How much does this cost?

Isipokuwa moja: ukiuliza nani au nini kinachotenda, do haihitajiki, na kitenzi hupewa "s". "Who lives here?" "What makes this noise?"

Majibu mafupi yamfuate msaidizi wa swali. "Do you speak Kirundi?" hujibiwa "Yes, I do" au "No, I don't". "Is he a driver?" hujibiwa "Yes, he is".

Swali lililokanushwa ni mtego mkubwa. Ukiulizwa "huli nyama?" nawe huli, kwa Kiswahili ni sawa kujibu "ndiyo, sili": unakubaliana na aliyeuliza. Kwa Kiingereza jibu hufuata ukweli wa jambo, si maneno ya muulizaji. "Don't you eat meat?" Kama huli, sema "No, I don't". Ukijibu "Yes", utaletewa nyama.

Hatua ya 6: Mara ngapi, na saa ngapi

Maneno ya mara ngapi ni sita ya kuanzia: always, usually, often, sometimes, rarely, never. Hukaa kabla ya kitenzi cha kutenda, na baada ya be. Shika jozi hii, inabeba kanuni yote: "He always comes late. He is always late."

Never tayari imekanusha. Kiswahili husema "hanywi pombe kamwe", kikanushi pamoja na kamwe, na wengi huhamisha zote mbili: "He doesn't never drink". Chagua moja: "He never drinks alcohol", na "s" inarudi mahali pake kwa kuwa doesn't haipo.

Every day, every week, twice a month na on Mondays huwekwa mwishoni. Every day ni maneno mawili. Everyday iliyoungana ina maana ya "-a kawaida" na hueleza jina.

Sasa saa. Zoezi la kwanza la kila kitabu ni kueleza siku yako, na hapo ndipo mtu anaandika "I wake up at 12 o'clock in the morning", akimaanisha saa 12 asubuhi. Saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza, yao huanza usiku wa manane, na tofauti ni saa 6 kamili. Saa 12 asubuhi ni 6 a.m. Saa 1 na nusu asubuhi ni 7:30 a.m. Saa 6 mchana ni 12 noon. Saa 10 jioni ni 4 p.m. Saa 3 usiku ni 9 p.m. Ukiwa na saa ya mshale, soma namba iliyo upande wa pili mkabala na ile ya Kiswahili, utapata ya Kiingereza bila kupiga hesabu. Saa huchukua at: at 7. Sehemu za siku huchukua in: in the morning, in the evening, lakini usiku ni at night.

Hatua ya 7: Mazoezi ya siku 14

Siku ya 1 na ya 2, andika vitenzi hivi 20 kwenye safu tatu: wake up, wash, pray, eat, drink, go, come, work, study, teach, buy, sell, cook, carry, watch, play, help, live, speak, sleep. Safu ya kwanza kwa I, ya pili kwa she, ya tatu andika kama mwisho unatamkwa s, z au iz. Soma safu ya pili kwa sauti mara tatu.

Siku ya 3 hadi ya 5, andika sentensi 10 za kweli kuhusu maisha yako, zote zikianza na I. Siku ya 6 na ya 7, zigeuze zote ziwe za dada, mama au jirani yako. Usibadili kitenzi ukaacha my: "I help my mother" huwa "She helps her mother". Siku ya 8 hadi ya 10, kanusha zote 20. Siku ya 11 na ya 12, zigeuze kuwa maswali, umuulize mtu, naye ajibu kwa kifupi. Siku ya 13 na ya 14, andika aya moja ya mistari minane bila kutazama daftari, mfano wa hii:

Asha lives in Tanga. She sells fish at the market. She wakes up at 5 a.m. and prays. Her husband is a driver, but he doesn't work on Sundays, so he carries her baskets. They have two children. The children don't go to the market, they study. Asha is often tired in the evening. She never sleeps before 10 p.m.

Saa yake ya kuamka ni saa 11 alfajiri, na ya kulala ni baada ya saa 4 usiku. Tafuta mwenyewe sentensi zipi ziko nyumba ya be, ziko mbili.

Jipime kwa sentensi hizi zenye makosa. Funika sehemu ya chini, uzisahihishe kwanza.

1. My father he work in a bank.
2. I am have three sisters.
3. Does she cooks ugali?
4. The money are in the bag.
5. You go to school at what time?
6. He don't never come early.
7. I am wanting water.
8. My aunt studys at night.

Majibu: 1. My father works in a bank. 2. I have three sisters. 3. Does she cook ugali? 4. The money is in the bag. 5. What time do you go to school? 6. He never comes early. 7. I want water. 8. My aunt studies at night.

Ukikosa namba 2 au 7, rudi hatua ya 1 na ya 2. Ukikosa 1, 4 au 8, tatizo ni hatua ya 3. Namba 3, 5 na 6 ni suala la kumhamisha mbebaji wa "s" na kupanga maneno. Zinahitaji hatua ya 4 hadi ya 6.

Unaposahihisha maandishi yako, usitafute makosa yote kwa mpigo mmoja. Pita mara tatu. Mara ya kwanza zungushia kila mtenda na uulize: ni mmoja asiye mimi wala wewe? Mara ya pili pigia mstari kila kitenzi, uone kama "s" iko mahali pamoja tu, kwenye kitenzi au kwenye does. Mara ya tatu tafuta am, is na are pekee, uhakikishe hakuna kitenzi kitupu kilichosimama nyuma yake.

Kwa upande wa kuzungumza, jirekodi ukisoma aya yako, kisha sikiliza ukiwa na karatasi mkononi na uweke alama kila mahali "s" isiposikika. Mtu anayeiandika vizuri mara nyingi huimeza akiongea haraka, na sikio lake halimwambii hadi asikie sauti yake mwenyewe. Punguza mwendo, soma tena, na urekodi upya hadi alama zote ziishe.